Halwaridi na Baridi ya Meru

Mwezi wa saba Arusha haina harufu. Baridi huzilaza zote: vumbi limeshikwa na manyunyu, moshi wa malori ya Sokoine Road hauendi mbali, na nyama choma ya jioni mtu huipata puani akiwa ameshasimama mbele ya jiko. Kwa mtu wa Tanga, aliyezoea joto linalomletea samaki, mwembe uliochanua na jasho la jirani kabla hajaviona, mji huu unamwacha pua tupu. Asubuhi ukungu ukishuka, hata Meru wenyewe haupo. Unaambiwa mlima uko pale, juu ya mapaa ya Sanawari, nawe unaitikia kwa adabu.

Nilikwenda harusini. Binamu yangu alikuwa anaolewa, na shangazi, ambaye ameishi Kaloleni tangu mimi sijazaliwa, alinipigia simu nikiwa bado stendi ya Tanga kunipa orodha ya mizigo: liwa, udi wa kuchoma, ubani, na vikuba kama asumini ingestahimili safari ya kutwa nzima kupitia Segera, Same na Moshi. (Haikustahimili.) Kisha, kuhusu mafuta ya waridi, akaongeza: "Halwaridi usilete. Ya huko kwenu imeshaharibiwa na joto. Nitakupeleka kwa mzee wangu Bondeni."

"Huko kwenu" ilinichekesha, kwa kuwa shangazi mwenyewe ni mzaliwa wa Ngamiani. Lakini miaka ya Arusha imempa imani ambayo pwani sijawahi kuisikia: kwamba waridi ni harufu ya baridi, na kwamba sisi watu wa bahari, pamoja na mirashi yetu ya fedha na maulidi yetu, tumekuwa tukiivaa mahali pasipo pake. Ni dai zito. Karne nzima ya bibi zetu imo ndani ya kesi hiyo. Nikaona kwa kuwa nimeshafika, na harusi bado, nilipime.

Duka liko katika mtaa mwembamba, kati ya muuza kanga na fundi wa simu, si mbali na kelele za Soko Kuu. Mzee alikuwa amevaa kanzu, juu ya kanzu sweta zito la kijivu, na juu ya sweta koti. Kofia ya viua tu ndiyo iliyobaki ya pwani. Nyuma yake chupa za manukato ya kupima zimepangwa hadi darini. Vijana wanaingia wakitaja majina: Rasasi, Ajmal, Lattafa, mmoja akataja jina la Kifaransa, akalivunja vibaya, na mzee akalielewa palepale. Anavuta kwa bomba la sindano, anajaza kichupa cha roloni, anapokea elfu tatu au elfu tano, mazungumzo yamekwisha. Kwa wateja hao hata kitini hatoki. Shangazi alipoingia, alisimama.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyu wa Tanga?"

"Ndiye," shangazi akadakia. "Anasema halwaridi yote ni moja."

Sikuwa nimesema hivyo, ila sikupewa nafasi ya kujitetea. Mzee alishusha chupa tatu kutoka rafu ya nyuma, rafu ambayo wale vijana hawakuitazama, akachovya kijiti cha kioo. Ya kwanza akanipaka kifundo cha mkono wa kushoto, ya pili kifundo cha kulia, ya tatu nyuma ya kiganja. Akanikataza kunusa. Akanikataza na kusugua, jambo ambalo kila mtu hulifanya na halina faida yoyote. "Nendeni sokoni mkanunue viungo vyenu vya pilau," akasema. "Mkirudi mniambie."

Tanga agizo hilo lingekuwa mzaha. Mafuta ya manukato hupaa kwa joto, na joto letu halina subira: unapaka mlangoni, harufu inakupanda usoni yote kwa mpigo, na ukifika kituo cha daladala umeshamaliza kilichokuwa chako. Hapa, mikono ikiwa imepoa ndani ya sweta, mwanzoni hapakuwa na kitu. Tulizunguka kwenye ndizi za Kimeru, tukabishana bei ya iliki, na ndipo mkono wa kushoto ulipoanza kusema. Ulikuwa mtamu, mwepesi, safi, wa sabuni. Tulipofika kwenye nyanya ulikuwa umenyamaza. Mkono wa kulia ulichelewa zaidi, na ulipokuja ulikuja na msandali chini yake, waridi limelalia mbao. Kiganja kikaja mwisho kabisa. Kilianza na ukali wa majani mabichi na ndimu, kikapita kwenye asali, kikataka kuwa pilipili manga, na tulipokuwa tunarudi Bondeni ndipo kilipokuwa waridi. Kikabaki hivyo hadi usiku, kwenye ngozi ileile niliyoitumia kukunia nazi.

Mzee hakutuuliza tumependa ipi. Alituuliza ipi imekufa kwanza.

Ile ya kwanza ni ya kiwandani, alisema, na hakuisema kwa dharau. Harufu ya waridi hubebwa hasa na vitu vichache ambavyo wanakemia wamevijua kwa muda mrefu: geranioli, sitroneloli, na alkoholi ya fenilethili. Viwili vya kwanza vimo kwa wingi pia katika mafuta ya jeranio, mmea ambao hauna udugu na waridi, na ambao jirani zetu wa Rwanda huulima kwa ajili ya mafuta hayo. Ukivichanganya kwa vipimo unapata waridi la kutosha kutia kwenye sabuni, losheni na kichupa cha elfu tatu. Shangazi alikubaliana naye kwamba huo si ulaghai. Kila kitu kina nafasi yake. Kichupa cha elfu tatu ni cha kwenda nacho kazini.

Ya pili ni ya Kannauj, India. Kule petali huchemshwa katika masufuria makubwa ya shaba, na mvuke wake huongozwa kwa bomba la mwanzi hadi kwenye chombo chenye mafuta ya msandali, ambayo hulipokea waridi na kulishika. Ndiyo maana ile mbao haikuondoka mkononi mwangu.

Ya tatu ilitoka Taif, kwenye milima ya Saudia juu ya Makka, na huuzwa kwa tola kama dhahabu. Hapo mzee alipunguza sauti, si kwa siri bali kwa heshima ya hesabu. Kupata kilo moja ya mafuta halisi ya waridi kunahitaji petali tani 3 hadi 4, zilizochumwa alfajiri kabla jua halijazinyonya. Tola ni gramu 11 na ushee. Maana yake kichupa kile kidogo, ambacho mtoto angeweza kukificha kwenye ngumi, kimekula si chini ya kilo 35 za petali. Bulgaria kwenye bonde la Kazanlak, na Uturuki kule Isparta, hesabu ni hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia halwaridi ya kweli kwa bei ya soda, alisema mzee, mwombee dua tu, maana anapata hasara kubwa.

"Na nitajuaje kwamba hii yako ni ya kweli?" nikamuuliza.

Shangazi alinikanyaga mguu. Mzee alicheka. "Ningekuwa Dar es Salaam ningekwambia uniamini, kwa sababu sina jingine la kukwambia. Hapa nina mlima." Mafuta halisi ya waridi, akaeleza, yana nta yake ya asili ndani. Yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi za sentigredi huanza kuganda, na ukiyashika mkononi yanarudi kuwa maji. Ya kiwandani hayagandi. Ya msandali nayo hayagandi vile, na hilo si kosa lake. "Panda nacho Meru ulale nacho. Asubuhi kitakujibu chenyewe." Akanipimia matone kwenye kichupa cha kioo chenye kizibo cha kusaga, kwa bei ambayo nimekubaliana na nafsi yangu kutoitaja kwa mtu yeyote wa nyumbani.

Kabla hatujatoka alifungua kabati la chini akatoa chupa ya marashi, maji ya waridi yenyewe, ambayo hayakuwa na lebo wala jina la kampuni. Nilipoyanusa nilidhani kuna mtu anachoma kuni nyuma ya duka. Yalikuwa ya Jabal Akhdar.

Wengi wetu wenye ndugu Oman tumewahi kuletewa chupa hiyo. Familia zilizoondoka Unguja baada ya 1964, na zile zilizoitikia milango ilipofunguliwa Oman chini ya Sultan Qaboos kuanzia 1970, zilikwenda na Kiswahili chao, na wanapokuja kusalimia hawaji mikono mitupu. Jabal Akhdar ni mlima wa ndani, kwenye uwanda wa Sayq wenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, ambako wanakijiji hupanda miwaridi ya damaski kwenye matuta ya mawe na kuimwagilia kwa mifereji ya falaj. Maua hutoka kati ya mwisho wa Machi na Mei. Huchumwa asubuhi mapema, hutiwa kwenye vyungu vilivyojengewa ndani ya tanuri la udongo, na mvuke hupozwa ukadondoka kwenye chombo cha shaba. Moto huwa wa kuni, na maji hubeba ladha ya moshi. Kisha huachwa wiki kadhaa yatulie kabla hayajauzwa. Siku hizi kuna wanaotumia mitambo ya gesi, na marashi yao ni meupe na mepesi zaidi. Mimi nayaona yamepungukiwa. Watu wa zamani wanautaka moshi wao.

Kuna jambo moja la kikemia ambalo linaeleza kwa nini marashi hayajawahi kuwa mdogo wa halwaridi. Ile alkoholi ya fenilethili, ambayo ndiyo hasa harufu ya ua likiwa bado mtini, huyeyuka kwenye maji. Wakati wa kutoneshwa, sehemu yake kubwa haiendi kwenye mafuta. Hubaki kwenye maji. Mwenye mafuta ana nguvu na muda mrefu, mwenye maji ana sura ya ua. Ndiyo sababu harusini tunapaka kimoja na kunyunyiza kingine, na bibi zetu waliofanya hivyo hawakuhitaji maabara.

Tanga marashi yanafuata mtu maisha yote. Anayesoma Barzanji akifika mahali pa kusimama, mrashi unapita safu kwa safu na kila mmoja anapata matone yake. Ijumaa, mzee aliyekaa karibu nawe msikitini hutoa kichupa mfukoni akampaka jirani yake nyuma ya mkono bila kuuliza, na jirani hupitisha mkono kwenye ndevu. Bi harusi hufukizwa udi, hupakwa liwa, hufungwa kikuba. Na siku ya mwisho, kafuri ikishatumika kwenye sanda na udongo ukisharudishwa, marashi hunyunyizwa juu ya kaburi. Shangazi anayo yote hayo, ameyabeba hadi Kaloleni. Alichoongeza ni utaratibu wa baridi: nguo ifukizwe udi usiku uliotangulia, ngozi ipakwe mafuta ya nazi kwanza maana ngozi iliyokauka hainywi harufu bali huimeza, kisha halwaridi kidogo mno chini ya sweta, ambako joto la mwili litaitoa polepole. Mwanamke hunukia kwake, atakwambia, na sweta ni nyumba pia. Kuchanganya waridi na udi ndani ya chupa moja, kama wanavyopenda Ghuba, haafiki. Mimi pia. Viwili hivyo vikutane juu ya mtu, si kabla.

Wakati wote huo kuna jambo moja lilikuwa linanisumbua. Mji huu wenye kuagiza waridi lake Taif, Kannauj na Oman umezungukwa na mawaridi.

Ukitoka Arusha kuelekea Moshi, ukishapita Tengeru, mapaa ya plastiki yanaonekana kati ya migomba na kahawa hadi Usa River na chini huko Nduruma. Kilimo cha maua ya kuuza nje kilianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, kikakua, mashamba mengine yakafungwa, mengine yapo. Chama cha wakulima wa mboga, maua na matunda, TAHA, kilichoanzishwa 2004, makao yake ni Arusha kwa sababu hiyo. Mwenzake binamu yangu ni msimamizi kwenye shamba mojawapo, akaniombea ruhusa ya kuingia.

Ndani ya grinihausi kulikuwa na joto zuri, la kwanza nililolihisi tangu nifike. Mistari ya miwaridi ilienda hadi macho yanapochoka: mekundu, ya njano, ya rangi ya samli, yote vitumba vilivyofumba. Wanawake waliovaa aproni walikuwa wanakata tangu alfajiri. Niliinama nikanusa jekundu. Nikanusa la njano. Nikanusa la rangi ya samli na kulizungusha. Palinuka udongo uliolowa, plastiki iliyopata jua, na dawa.

"Usijisumbue dada," msimamizi akaniambia. "Haya hayanuki. Na hayatakiwi kunuka."

Mnunuzi wa Ulaya, alinieleza, analipia urefu wa bua, unyoofu wake, kichwa kisichovunjika, na siku ambazo ua litakaa kwenye chombo mezani. Kutoka hapa maua yanaingia chumba cha baridi, yanapangwa kwa urefu, yanafungwa, na mengi yanapanda lori lenye jokofu kwenda mpaka wa Namanga na uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha Uholanzi kwenye mnada wa Aalsmeer. Ua linalomaliza safari hiyo na bado likakaa mezani zaidi ya wiki halikupatikana kwa bahati. Wazalishaji wa mbegu wamelichagua kwa vizazi vingi, na katika kuchagua, harufu iliachwa njiani. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa, wakiongozwa kutoka chuo kikuu cha Saint-Étienne, walichapisha sehemu ya sababu: walilinganisha waridi linaloitwa Papa Meilland, linalonukia sana, na Rouge Meilland, ambalo halinukii, wakakuta kimeng'enya kiitwacho NUDX1 kinafanya kazi katika la kwanza na karibu hakipo katika la pili. Bila hicho, ua halitengenezi geranioli. Hiyo ndiyo geranioli iliyomo kwenye kichupa cha elfu tatu cha Bondeni.

Nilimuuliza kwa nini wasipande hata mstari mmoja wa damaski, la kukamua mafuta. Alitazama juu, upande ambao mlima ungekuwapo kama usingefunikwa. Damaski la mafuta, alisema, ni mmea wa nchi yenye majira: linataka kipindi cha baridi kali lipumzike, kisha lichanue kwa mkupuo wa wiki chache. Meru upo nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Baridi ya mwezi wa saba inamtetemesha mtu wa Tanga, mwaridi wa damaski hauihesabu. Na hata ungekubali, tani 3 za petali kwa kilo moja ni ardhi na maji, na maji ya Nduruma tayari wanayagombania wenye mashamba makubwa na wenye mifereji ya vijijini. Sikuwa na hoja ya kumjibu.

Nikapanda mlima. Si hadi kileleni. Mita 4,566 nimewaachia wenye mapafu yao. Nilitaka Miriakamba tu, kibanda cha kwanza, mita 2,514, mahali penye baridi ya kutosha kwa jaribio la mzee.

Kutoka lango la Momella unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Wetu alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mpole, mwenye kutembea bila kugeuka. Tulipopita uwanda wenye twiga, aligeuka.

"Dada, umejipaka nini?"

"Waridi, afande."

"Nyati hawana neno nalo. Nyuki ndio watakuuliza."

Nyuki hawakuniuliza, pengine kwa sababu nao walikuwa wamejikunja kwa baridi. Lakini swali lake lilifungua mazungumzo. Kwao, aliniambia, upande mkavu wa mlima, kuna leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu yenye harufu ya kafuri. Wazee huyafikicha na kuyaweka kwapani, na wengine huyatandika chini ya ngozi ya kulalia. "Hayo ndiyo marashi yetu. Hayagandi, hayaishi, hayalipiwi." Nilikuwa nimemweleza jinsi mafuta ya Taif yanavyoganda. Alitaka kujua bei. Sikumwambia hata yeye.

Waridi la porini halipo Meru. Miwaridi ya asili ni ya nusu ya kaskazini ya dunia, na mmoja tu, *Rosa abyssinica*, ndio uliovuka kuja upande huu wa Sahara, ukaishia nyanda za juu za Ethiopia na jirani zake. Ila ndugu zake wapo kwenye mlima huu, na wamekuwa wakubwa kuliko yeye. Tulipokaribia Miriakamba ilianza kuonekana mihagenia, miti mipana yenye magome mekundu yanayobanduka na majani yenye manyoya, imefunikwa na ndevu za kuvu-mwani. Wataalamu wa mimea huiweka katika ukoo mmoja na waridi. Humo humo wamo matunda ya porini yenye miiba ambayo askari alinizuia kuyachuma, na mti wa *Prunus africana* ambao magome yake husafirishwa nje kwa dawa ya tezi dume. Waethiopia hutumia maua ya mhagenia kufukuza tegu. Ni ukoo wa kazi nyingi, na uliobaki huku haukuchagua biashara ya manukato. Afande alisikiliza yote hayo, akalitazama shina lenye kipenyo cha mlango, akasema kwamba mimi ndiye niliyesoma.

Usiku nilikiweka kichupa cha mzee dirishani, upande wa nje wa kioo, pamoja na kile cha elfu tatu na tone la Kannauj kwenye kichupa cha tatu. Baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu alale na viatu. Alfajiri, wapandaji wenzangu wakiwa wanagombania maji ya moto, nilivitoa. Cha elfu tatu kilitikisika vizuri, maji kabisa. Cha Kannauj kilikuwa kizito na chenye uvivu. Cha Taif kilikuwa kimejaa vipande vyembamba vinavyong'aa, vimeshikana hivi kwamba nilikipindua na hakuna kilichoshuka. Nikakifumbata. Kikarudi taratibu, kipande kwa kipande, hadi kikawa mafuta.

Nilijipaka kidogo chini ya skafu nikaanza kushuka. Hapo ndipo nilipouelewa upande wa shangazi. Hewa ilikuwa safi na haina kitu kingine ndani yake, hakuna bahari, hakuna samaki, hakuna dizeli. Harufu haikuwa na wa kushindana naye, wala haikuharakishwa. Ule ukali wa ndimu na majani, ambao Tanga hupita kabla hujautambua, ulikaa nami hadi maporomoko ya Tululusia. Asali ilianza jua lilipotoboa. Waridi lenyewe lilifika tulipofika langoni, nilipokuwa nimeshapata joto la kutembea. Pwani tunavaa mwisho wa halwaridi tu. Sisemi tuache. Nasema wenye Arusha wanapata na mwanzo wake.

Harusi ilikuwa katika ukumbi mmoja wa Kijenge. Nikahi ilikuwa imeshapita msikitini asubuhi, na alasiri ikawa ya wanawake. Mpambaji, kijana mwepesi aliyewahi kufanya kazi ya kufunga maua Usa River, alikuwa amejenga ukuta mzima wa mawaridi nyuma ya kiti cha bi harusi: meupe na ya rangi ya samli, yasiyofikia urefu wa kuuzwa nje, mamia kwa mamia, mazuri kwelikweli. Nilipopita karibu nilinusa kwa mazoea. Hakuna kitu.

Shangazi alifika na mrashi wake wa fedha umejazwa yale marashi ya Jabal Akhdar. Akaanza na wazee waliokaa mbele, akafuata mama zake bwana harusi, akaja kwetu vijana, matone ya baridi na moshi kwenye viganja na mitandio. Alipomaliza watu alipanda jukwaani akaanza kuunyunyizia ukuta wa maua.

Mpambaji alikuja mbio. "Mama, samahani, hayo usiyatie maji! Maji yakikaa kwenye petali kesho yanatoa madoa, keshokutwa yana kuvu."

"Mwanangu, harusi ni leo. Maua haya kesho ni ya nani?"

Kijana alisita. "Kesho... nayapeleka Njiro. Kuna sendofu."

"Basi na Njiro nao watanukia bure," shangazi akasema, akaendelea na safu ya juu.